Ukingo wa Cheti cha Kaka Idi

Sababu ya safari ile ilikuwa mimi. Naanza na hilo kabisa, maana kwetu Nakuru hata wajukuu wanaijua habari hii, na kila anayeisimulia hunitupia jicho la pembeni.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Kaka yangu Idi alikuwa amerudi kutoka India, alikosomea kilimo na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa miaka mitatu, na cheti chake kilikuwa kikubwa kama sinia. Mimi kwa kupenda sifa nikakipeleka kwa Mzee Abeid, fundi wa fremu jirani yetu, bila kumwuliza mtu. Mzee Abeid alikuwa mtu wa dini sana. Alinigombeza kwa kukilaza cheti kwenye benchi lenye vumbi, kisha akaokota kipande cha gazeti kilichokuwa sakafuni akakipandisha rafuni, kwa kuwa hakuvumilia maandishi yakanyagwe. Jioni nilipokwenda kukichukua, cheti kilikuwa kinang'aa nyuma ya kioo. Fremu ilikuwa fupi kidogo, akaniambia, kwa hiyo alikipunguza upande wa chini kikaenea. Nilimshukuru sana.

Muhuri wa chuo na namba ya cheti vilikuwa upande huo wa chini.

Tuligundua miezi kadhaa baadaye, Jumamosi moja, Idi alipokipeleka ofisi ya kilimo, fremu na yote, kuomba kazi ya kuwafundisha wafugaji. Karani alikitazama mara mbili kupitia kioo. "Ndugu yangu, mimi nakuamini," akasema, "lakini bila muhuri hii ni picha tu ya ukutani." Kuandikia chuo na kungoja majibu yaje kwa meli kungechukua miezi, na nafasi ilikuwa inafungwa Ijumaa. Kwa huruma yake akamwambia kwamba barua ya mwenye shamba anayejulikana, aliyemwona akifanya kazi kwa mikono yake, ingekubaliwa. Mbio kwa Mzee Abeid, tukakuta kufuli mlangoni. Alikuwa amerudi kwao Mombasa. Nikataka tufungue fremu tuone karatasi yenyewe, Mama akaja juu.

"Mmeshakikata, sasa mnataka kukichana? Hakuna kufungua. Zuhura, wewe ndiye uliyekipeleka kwa fundi. Utakwenda na kaka yako Elburgon kwa shangazi yenu, kwenye mashamba ya wazungu, na msirudi bila barua."

Jumanne asubuhi tulipanda gari moshi, daraja la tatu. Idi alikipakata cheti, Mama akiwa amekifunga kwa leso yake moja. Hakunisemesha. Nilitazama mji ukibaki nyuma, nikijua kwamba asipopata kazi ile atarudi kuuza sukari dukani kwa mjomba, na miaka mitatu yote itakuwa imekatwa kwa mkasi kwa ajili ya sifa zangu. Huko mbele ya Njoro mashamba ya ngano yalikuwa yameiva na baridi imeanza kupanda.

"Unasikia baridi?" akaniuliza.

"Kidogo, kaka."

Akavua koti akanipa. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Jumamosi, na mpaka leo nikisikia mluzi wa gari moshi naukumbuka uzito wa koti lile mabegani.

Elburgon, karibu na adhuhuri, kulikuwa na ukungu na harufu ya mbao za mtarakwa zilizokatwa. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikikagua kila msafiri, na askari stesheni alitaka kujua kila mzigo.

"Hii picha ni ya nani?"

"Si picha, afande. Ni cheti," Idi akajibu.

"Cheti gani iko na kioo? Haya, pita."

Tulifikia kwa Shangazi Saumu, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na viwanda vya mbao. Alipouona mzigo wetu aliangua kicheko. "Mbona mmekuja na ukuta wa nyumba? Mama yenu amewafukuza?" Lakini alipokwisha kusikia, alikwenda moja kwa moja hadi meza ya pembeni, kwa mteja wake Arap Koech, nyapara wa shamba moja la maziwa upande wa msitu wa Mau.

"Kesho mje na trekta ya maziwa," Koech akasema. "Lakini huyo mzungu wetu ni mkali. Yeye hapendi watu ya makaratasi."

Jumatano asubuhi tulipanda tela, katikati ya madebe matupu yaliyopiga kelele njia nzima. Mzungu mwenyewe tulimkuta uani, mzee mrefu mwenye kiko mdomoni.

"Wewe nani? Nataka nini?"

Idi akafungua leso, akaeleza. Mzungu hakumaliza hata kukitazama. "Mimi nataka mtu ya kazi. Picha iko mingi nyumbani."

Nadhani tungerudi na trekta lile lile. Koech akatokea zizini akikimbia. "Bwana, ile kubwa iliyozaa jana imelala. Imekataa kusimama kabisa."

Daktari wa mifugo alikuwa Nakuru. Idi hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti kando ya ng'ombe, akamshika masikio, yalikuwa baridi. Shingo ilikuwa imepinda ubavuni. "Homa ya maziwa," akasema. "Damu imeishiwa chokaa kwa ajili ya maziwa; tukijaza kiwele upepo, maziwa yatazuilika. Nipeni pampu ya baiskeli, mrija wa chuchu na maji yanayochemka."

Mzungu alicheka kwa sauti. Koech hakucheka; alikwenda akaleta pampu ya baiskeli yake mwenyewe.

Idi alichemsha mrija, akatia pamba ili upepo upite safi, akaosha chuchu moja baada ya nyingine, akaanza kupiga upepo taratibu mpaka kiwele kikajaa kama mpira. "Zuhura, kitambaa! Vipande vinne, upesi!" Kitambaa gani? Nilikuwa na leso ya Mama tu. Nikaichana. Nilimpa kipande, akafunga chuchu upepo usitoke, nikampa kingine. Sikuwahi kumwona kaka yangu hivyo, nikaona fahari ambayo cheti hakijapata kunipa.

Tulingoja kiasi cha saa mbili. Kiko cha mzungu kilizimika bila yeye kujua. Kisha ng'ombe aliinua kichwa, akakoroma, akasukuma miguu ya nyuma, akasimama akiyumba na leso ya Mama ikining'inia chini.

Mzungu aliandika barua juu ya kifuniko cha debe. Alipomaliza alimtazama Idi. "Wewe nataka muhuri? Iko." Akaleta muhuri wa shamba, akaupiga mara mbili.

Alhamisi tulirudi, tukiongea njia nzima. Mama alisoma barua, akambusu Idi kwenye paji la uso, kisha akanigeukia. "Leso yangu iko wapi?" Ijumaa Idi alipewa kazi. Aliifanya mpaka uzee, kutoka Elburgon hadi Longonot, akiwa na pampu yake kwenye mfuko wa baiskeli.

Mwaka jana tulimzika. Nilipokuwa nikipanga vitu vyake, kioo cha fremu kilikuwa kimepasuka, nami nikaubandua ubao wa nyuma ili nikibadilishe. Humo ndani, kati ya ubao na cheti, kulikuwa na ukanda wa karatasi umekunjwa vizuri: muhuri wa chuo, na namba yake. Mzee Abeid hakuweza kutupa maandishi.

Tuliupakata muhuri ule mpaka Elburgon na kurudi. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, kisha nikalia, nikitamani mno kumwambia Idi. Halafu nikaukunja nikaurudisha pale pale, nikamwita fundi aweke kioo kipya. Nilimsimamia mpaka mwisho.

"Usipunguze kitu," nikamwambia.