Watu Watatu wa Kuchagua Koleo

Zamani koleo lilichaguliwa na watu watatu kwa nusu siku, wakabishana mpaka wakakaukiwa mate, na siku hizi linaning'inia kwenye msumari dukani, limefungwa ndani ya plastiki kama dawa ya mafua, na anayelinunua hana hata mtu wa kumwuliza, "Unalionaje?"

Watu hao watatu walikuwa mafundi wa mtaa mmoja. Wa kwanza alikuwa fundi umeme, na walimwita Fyuzi, si kwa ajili ya kazi yake bali kwa ajili ya hasira zake: hakukawia kuungua, na akishaungua, nyumba nzima inaingia giza. Wa pili alikuwa fundi bomba, mrefu, mzito wa maneno, akaitwa Bomba tu. Wa tatu alikuwa fundi redio, mfupi, mdomo haumkai, naye akaitwa Mawimbi.

Hakuna kati yao aliyewahi kununua kifaa peke yake. Kununua peke yako kulionekana kama kwenda kuposa peke yako. Muuza duka wa wakati ule alikuwa akiwaona wanaingia wote watatu anashika kichwa. "Leo mmekuja kununua plaizi au kuoa?" anauliza. "Kuoa ni rahisi," Mawimbi anamjibu, "mke ukikosea anakuambia." Basi muuza duka anamwaga sanduku zima la makoleo juu ya kaunta, anarudi kwenye chai yake.

Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Bomba alikuwa jicho. Alilifumba koleo, akaliinua kuelekea mlangoni, akatazama pale makali ya kukatia yanapokutana. Ukipita mwanga hata mwembamba kama uzi, analirudisha sandukuni bila kusema neno, kwa sababu koleo linalopitisha mwanga litaguguna waya badala ya kuukata. Mawimbi alikuwa sikio. Alilining'iniza kwa kidole kimoja, akaligonga kwa msumari. Chuma kizuri, alisema, kinaimba na kumaliza wimbo wake, kibaya kinakohoa. Watu walidhani ni uganga, lakini koleo alilolikataa Mawimbi lilikuwa linavunjika mdomo kabla mwaka haujaisha. Fyuzi alikuwa mkono. Alilifungua na kulifunga kwa kiganja kimoja, akalitikisa kusikia kama kiungo kinacheza, kisha akakata msumari nalo. Msumari ukikatika mara moja, na mshtuko usifike kwenye kiwiko, basi. Bei haikuulizwa mpaka hapo. Koleo lililopita kwa wote watatu lilikuwa rahisi hata likiuzwa ghali, maana hutalinunua tena.

Hawakugombana. Watu wakisikia marafiki wameachana hutafuta ugomvi, na hapa haukuwapo. Redio zilipoanza kutupwa badala ya kutengenezwa, Mawimbi alifunga kibanda chake akahamia kwa binti yake. Bomba alifuata familia upande wa pili wa mji. Mke wa Fyuzi akafariki. Vijana wa pikipiki wakaanza kuitwa kwa simu kufunga taa na soketi, na wana vifaa vya kutupa: kikikatika, wananunua kingine njiani.

Fyuzi akabaki na vyumba viwili, kitanda kilichokuwa cha watu wawili, na sanduku la vifaa ambavyo alivipaka mafuta kila wiki ingawa hakuna aliyemwita. Kila Jumapili mwanawe alimpigia simu kutoka mbali.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Na dawa?"

"Nimemeza."

"Haya Baba, basi tutaongea."

Na hayo ndiyo yalikuwa maongezi. Kuna wiki ambazo sauti yake mwenyewe ilimshtua akikohoa, kwa kuwa hakuwa ameisikia tangu juzi.

Asubuhi moja alikuwa analifuta koleo lake, lile walilolichagua wote watatu akiwa bado kijana, mikono ya koleo imezungushiwa utepe mweusi wa umeme tabaka juu ya tabaka. Lilikuwa zima kabisa. Ndipo lilipomjia wazo: kama lingekuwa limepotea, angelazimika kununua jingine. Na wale wawili wasingemwacha akanunue peke yake. Hilo halikuwa ombi, lilikuwa sheria.

Alijikaza akampigia Bomba.

"Plaizi yangu imetumbukia chooni," alisema.

Bomba akashusha sauti kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Ile ile?"

"Ile ile."

"Pole sana, ndugu yangu. Lini tunakwenda?"

Alipompigia Mawimbi, alipokea binti. Fyuzi alisikia maneno yake yakirudiwa kwa kelele huko upande wa pili, "ANASEMA PLAIZI!", akadhani ni mtandao mbaya.

Siku ile alivaa shati lililopigwa pasi. Njiani alirudiarudia maneno aliyokusudia kuwaambia baada ya kununua, maneno ambayo ndiyo hasa yaliyomtoa nyumbani: jamani, tuwe tunaonana, hata mara moja kwa wiki, pale kibarazani kwangu, viti vipo. Koleo lilikuwa njia tu. Kama siku ingekwenda vizuri, angeyasema kama jambo dogo, kama mtu aliyekumbuka tu.

Bomba alikuwa amefika kwanza, amesimama mlangoni pa duka la vifaa, mrefu kama zamani ila amepinda juu. Fyuzi alimwendea huku anatabasamu mpaka akawa mbele ya pua yake, na Bomba akaendelea kutazama barabarani.

"Wewe mtu, hunijui?"

Bomba akashtuka. "Nakujua bwana! Nilikuwa nakuangalia muda wote unavyokuja."

Mawimbi aliletwa na binti yake, akaachwa hapo na maagizo mengi. Alimkumbatia Fyuzi, akampiga mgongoni. "Umezeeka vibaya!"

"Wewe je, umekuwa mtoto?"

"Nzuri, nzuri," alijibu Mawimbi, "na wewe nyumbani wazima?"

Ndani, duka halikuwa duka. Hakuna kaunta wala sanduku. Vifaa vimening'inizwa ukutani kwa safu, kila kimoja ndani ya plastiki ngumu na kipande cha kadi chenye picha ya mwanamume anayecheka. Msichana wa duka alikuja na sare yake.

"Shikamooni wazee wangu. Mnatafuta nini?"

"Marahaba. Plaizi," alisema Fyuzi. "Lakini mpaka tuijaribu."

"Babu, zikifunguliwa hatuwezi kuzirudisha ukutani."

"Binti, utaolewa na mtu ambaye hujamwona uso?"

Msichana akacheka. Akaangalia kama msimamizi yupo, kisha akachukua mkasi akafungua moja, la wastani, lenye mikono ya mpira mwekundu. "Hii haijarudishwa na mteja hata mmoja. Jaribuni hii tu."

Fyuzi akampa Bomba, kama kawaida. Bomba alilifumba, akaliinua juu kwa adabu ileile ya zamani. Ila hakuwa ameelekea mlangoni. Aliliinua kuelekea ukutani, kwenye makopo ya rangi, na kati ya midomo ya koleo kulikuwa bado kumebanwa kipande cha ile kadi ya picha.

"Safi," alisema Bomba. "Halipitishi hata uzi."

Msichana akafungua kinywa, Fyuzi akamkata jicho, akafunga. Fyuzi akachomoa ile kadi taratibu bila Bomba kujua, akampa koleo Mawimbi. Mawimbi akaligonga kwa msumari huku amelishika mdomo kwa kiganja kizima. Likatoa mlio wa kugonga gogo.

"Mmesikia hiyo?" alisema Mawimbi, macho yamemng'aa. "Kengele! Kengele tupu!"

Fyuzi alijifanya hamnazo. Aliwahurumia, na pia, hebu tuseme ukweli, aliona fahari kidogo. Jicho limekwenda, sikio limekwenda, lakini mkono bado upo. Leo angewachagulia wote.

Akaweka msumari kwenye makali, akabana. Msumari haukukatika. Akabana tena, mishipa ikamtoka shingoni. Ulipata alama tu, kama umeng'atwa na mtoto.

"Lete nyingine," alisema.

Msichana alisita, akafungua nyingine, ghali zaidi. Ikawa yaleyale. Fyuzi akaungua.

"Hiki ni chuma gani? Hili ni bati! Wamelipaka rangi wakalivisha plastiki, wanawauzia vijana wasiojua kitu. Zamani ukinunua plaizi unairithisha. Siku hizi kila kitu kinatengenezwa kife, ili urudi dukani. Hakuna chuma tena duniani, kimekwisha!"

"Kweli kabisa," alisema Bomba.

"Eti?" alisema Mawimbi.

Msichana alilichukua lile la kwanza, lenye mikono myekundu, akaweka msumari uleule, akabana kwa mkono mmoja. *Tik*. Nusu ya msumari ikaruka, ikagonga kopo la rangi. Hakufanya hivyo kwa dharau. Alikuwa anataka tu wazee wanunue waende salama.

Kilichofuata Fyuzi hakukikusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Kwa miaka yote ya kazi, mtu akimbishia juu ya chuma, mkono wake ulikwenda mfuko wa nyuma, na asubuhi ile pia, wakati wa kuvaa, ulikuwa umetia kitu mfuko wa nyuma kama ulivyozoea, mwenyewe akiwaza maneno ya kibarazani.

"Umebahatisha!" alifoka. "Njoo nikuonyeshe plaizi. *Hii* ndiyo plaizi!"

Akakamata msumari mwingine, akabana kwa koleo lake lenye utepe mweusi. Akabana kwa mkono mmoja, akabana kwa miwili, mpaka viwiko vikatetemeka. Msumari ukamtazama.

Bomba alinyoosha mkono wake mrefu, akapapasa ule utepe kwa vidole, tabaka juu ya tabaka. "Hii ni ile ile," alisema polepole. "Fyuzi, hii si imetumbukia?"

"Anasema nini?" aliuliza Mawimbi.

Msichana akainamia sikio lake. "ANASEMA PLAIZI YAKE IPO, BABU! HAIKUPOTEA!"

Duka zima likageuka. Mteja aliyekuwa anachagua vitasa akaacha.

Mawimbi aliliangalia koleo, kisha akamwangalia Fyuzi, na uso wake wa mzaha ukalainika taratibu. "Ungesema tu njooni," alisema. "Tungekuja."

"Ningesema njooni, mngeuliza kuna nini."

Mawimbi alisoma midomo yake, akageuka kwa Bomba. Bomba alifikiria. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hata wa huruma. "Kweli," alisema. "Tungeuliza."

Walicheka kidogo, kicheko cha puani, cha kupita. Hapo ndipo Fyuzi angeyasema maneno yake ya kibarazani. Yalikuwa mdomoni. Lakini sasa yasingekuwa jambo dogo tena. Wangekuja, ndiyo, wangekuja kama watu wanaokwenda kumwona mgonjwa, wakae, waulizane kwa macho saa ya kuondoka. Mwanawe wa Jumapili alimtosha kwa huduma hiyo.

"Naichukua hii nyekundu," alimwambia msichana. "Ya akiba."

"Chaguo zuri, babu. Itakaa sana."

"Najua itakaa," alisema Fyuzi. Alijua pia kuwa hilo halisemi kitu juu ya yeye mwenyewe kukaa.

Bomba alisema wanamsubiri nyumbani. Mawimbi alisema binti yake atakuwa amefika kwenye kona ya pili.

"Tangulieni," Fyuzi aliwaambia. "Mimi nasubiri chenji."

Hakukuwa na chenji. Alisimama mbele ya makopo ya rangi mpaka msichana akamwuliza kama anahitaji kitu kingine, ndipo akatoka.

Baada ya siku ile hakuwapigia. Simu aliishika mara nyingi, akatafuta kisa, na kila kisa alichokipata kilifanana na kile cha koleo. Wao nao hawakupiga, labda kwa kumwonea haya, labda kwa kudhani yeye ndiye mwenye haya. Habari za Bomba alizipata baada ya mazishi. Mawimbi alichukuliwa na binti yake kwenda mji mwingine, na hakuna aliyejua namba mpya.

Kwa hiyo mara ya mwisho kuwaona ni pale alipotoka, akasimama kwenye ngazi za duka. Walikuwa wamefika ukingo wa barabara, magari yanapita mfululizo. Mawimbi alimshika Bomba mkono wa shati ili amwambie lini barabara iko wazi. Gari moja lilitokea kwenye kona nyuma yao, likapiga honi, Mawimbi akaendelea kupiga hatua. Ni Bomba aliyesikia, akamvuta nyuma kwa bega. Walisimama. Wakangoja. Mfupi akatazama kushoto na kulia kwa ajili ya wote wawili, mrefu akatega sikio kwa ajili ya wote wawili, kisha wakavuka polepole, katikati ya barabara pana, bila haraka hata kidogo, na dereva mmoja akasimama kuwapisha.