Mguu wa Popo

Ilikuwa mwaka ule tanuri la umeme lilipoletwa. La, ni mwaka uliotangulia, maana bado walikuwa wakichoma kuni, na kaa la kuni ndilo lililofichua habari za mguu wa Popo.

Popo alikuwa mwoka mikate, wa zamu ya usiku tangu ndevu hazijamwota. Watu wanataka mkate wa moto wakiamka, basi lazima wengine wasilale. Asubuhi akirudi kwake, mkewe alitundika blanketi dirishani na kuwafukuza watoto wakacheze mbali. Lakini ukuta kwa ukuta na chumba chao palikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na mashine haina adabu. Popo alilala usingizi wa mang'amung'amu, akaamka kachoka kuliko alivyolala.

"Baba watoto, si uombe zamu ya mchana?"

"Mchana wanafunga mifuko tu, mama. Mimi mtu wa tanuri bwana!"

Kazini walikuwa na dawa yao ya kufukuza usingizi: chai ya rangi, sukari mpaka kijiko kinasimama. Popo aliinywa miaka nenda miaka rudi. Kitambi kikaja, kiu ikaja, na kwenda haja ndogo kila mara. Wenzake wakasema hiyo kiu ni joto la tanuri. Naye akaongeza chai.

Basi alfajiri moja, akishusha trei za mwisho, kaa la moto likamdondokea kwenye ndala. Akaendelea na kazi, anapiga mluzi. Mkandaji wa unga akanusanusa.

"Jamani, nani anachoma nyama na hajatuita?"

Wakatazama chini. Kidole cha Popo kinafuka moshi.

Walicheka mpaka machozi. "Huyu si mtu, ni chuma cha pua!" Popo naye akacheka, akapaka mafuta ya kupikia, akafunga kitambaa. Sifa zile zilimlevya. Kidonda hakikuuma, na kisichouma nani anakijali? Mkewe ndiye aliyekinusa, na wakati huo kilikuwa kimeshakuwa cheusi.

Hospitali walimkuta daktari, binti wa umri wa kumzaa.

"Baba, sukari yako imepanda siku nyingi, imeua hisia za mguu. Kwa siku unalala kwa saa ngapi?"

"Nikipata tatu, hiyo sikukuu. Zilizobaki nashindia chai ya sukari."

Binti akashusha pumzi. "Wapo wanaolala vizuri na bado ugonjwa huu unawapata. Lakini mwili unaonyimwa usingizi hushindwa kuitawala sukari, na presha nayo hupanda. Wewe ukaongeza na chai ile."

"Basi nitalala, mwanangu. Mguu utapona?"

Daktari akamtazama mkewe.

Waliukata chini ya goti.

Sasa Popo ana kitanda na siku nzima ya kukilalia, lakini usingizi umemsusa. Saa ya kukanda unga humkuta macho makavu. Zamu yake kaichukua mdogo wake wa tumbo moja, naye kwa chai ile hajambo. Msimamizi alipokuja kumjulia hali, mkononi ana mkate ulioshuka tanurini alfajiri hiyo, Popo aliupapasa, akamwuliza:

"Bwana mkubwa, huu ungetoka saa nne asubuhi, watu wakaungoja kidogo, nani angekufa?"