Mabibi Wawili wa Bariamu

Anaclet Kabwe aliosha chupa miaka tisa katika maabara ya kiwanda kimoja cha shaba, Élisabethville, na kwa kuwa wazungu hawakudhani mwosha chupa ana macho, alisoma kila walichoandika ubaoni. Mwaka 1953 misheni ikampa chaki: awafundishe kemia watu wazima wanane, kila Jumamosi. Mwezi wa sita angekuja mkaguzi. Wakifaulu, wangeajiriwa maabara na Anaclet angebaki mwalimu. Wakianguka, chupa zilikuwa zinamngoja.

Kusawazisha milinganyo kuliwashinda. Basi Anaclet akafunga kitabu, akawafundisha ndoa. Bariamu ni bwana mwenye mabibi wawili, wote kloridi. Fedha, yaani madini, si ile ya kununulia mkate, ana bibi mmoja, nitrati. Wakikutana chupani wanabadilishana. Lakini Bariamu si mjinga. Hawezi kutoa wawili akapewa mmoja. Dawa ni kumwita bwana Fedha wa pili, naye aje na bibi yake. Wote wakaelewa papo hapo. Chanda, seremala mwenye watoto wanne, alicheka hadi akamwaga wino.

Padri Floribert, mwalimu wa Kilatini, alikuwa dirishani. Kule kubadilishana alikumeza kwa shida. Mabibi wawili wakamkwama kooni.

"Anaclet, kila bwana iko na bibi moya. Ata mu chimie, mu hii kemia yako."

"Mon père, huyu Bariamu, Mungu njo alimuumba vile."

"Moya. Ao urudishe chaki."

Anaclet alikuwa na watoto sita na nyumba ya misheni. Akafyata mkia, akafuta ubaoni ile mbili ndogo kando ya kloridi, na roho ilimuuma kweli. Kilichomkera zaidi ni kwamba mlinganyo ulikaa sawa kuliko zamani: mmoja huku, mmoja kule, ndoa takatifu tupu na uongo mtupu. Padri akausifu.

Mkaguzi alipofika aliutazama ubao bila neno. Akachukua dawa mbili za nguvu sawa, ya Bariamu na ya Fedha, akapima kijiko kwa kijiko kama ulivyosema mlinganyo, akachanganya. Maji yakawa meupe kama maziwa, alama ya Fedha kuoana na kloridi. Akayachuja, yakatoka maangavu. Kisha akadondosha Fedha kidogo tena, na yakawa meupe upya.

"Hii kloridi ingine inatoka wapi?"

Chanda alimtazama Anaclet, Anaclet akamtazama padri aliyeketi kando. Kusema ni kumwaibisha mwenye nyumba. Kunyamaza ni kuwazika watu wanane. Akaenda, akaiweka chaki mbele ya padri.

Padri akaichukua. Halafu akainuka, shingo nyekundu, akaandika mbili ndogo kando ya kloridi.

"Huyu njo bibi wa pili," akasema. "Tulimufukuza. Kumbe alibakia mu nyumba."

Kabla hajakaa, madaftari manane yalikwisha kumwita bwana Fedha wa pili.