Fungu Langu Lilikuwa Paka

Siku waliyogawa mali ya mume wangu Absalom, shemeji yangu Wepukhulu alichukua ng'ombe, mdogo wake akachukua banda la kukaushia tumbaku, na binamu mmoja ambaye hata hakuja kumwona mgonjwa akavaa koti la marehemu palepale mbele yangu, akajigeuza watu waone kama linamkaa. Mimi nilikuwa nimeketi chini pamoja na wanawake, kichwa kimenyolewa, nikingoja. Mzee Mukhisa, aliyekuwa akiongoza mgao, alipofika mwisho aliuliza kama kuna aliyesahauliwa.

"Na mimi je?" nikasema.

Wepukhulu akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kitu cha kufukuzia kuku. Paka wa kijivu wa nyumbani kwangu alikuwa amelala juu ya jiwe la kusagia.

"Mpeni paka," akasema. "Si ndiye atakuwa akilala naye sasa?"

Watu walicheka. Walicheka hata wale waliokuwa wakilia asubuhi. Mzee Mukhisa hakucheka, lakini pia hakumkanya. Alisema, "Haya, na paka ni wa Rispah," kwa sauti ileile aliyotajia ng'ombe, akagonga fimbo chini, mgao ukafungwa.

Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla kuisha, huko Malakisi. Makosa yangu yalikuwa mawili: sikuzaa, na nilikataa kurithiwa na Wepukhulu. Tumbaku waliyogawana niliipanda mimi, nikaipalilia mimi, nikayatunga majani yake kwenye vijiti mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Absalom alikuwa mgonjwa wa kifua, kazi nzito hakuiweza. Kila mtu pale alilijua hilo, na hakuna aliyefungua mdomo. Mama mkwe wangu, Nasimiyu, alinisindikiza mpaka kwenye kijito, akanipa mayai ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, akageuka akarudi. Paka nilimtia kikapuni, nikafunika kwa kitambaa, nikaenda Kitale.

Sikumpa jina. Kitu ulichopewa kwa dharau hukipi jina.

Kitale nilipata kazi kwenye ghala la mahindi. Sisi wanawake tulikaa juu ya magunia matupu tukichambua, punje mbovu huku, vijiwe huku, nzuri huku. Nilipanga chumba cha udongo upande wa Matisi. Paka nilikwenda naye kazini, na msimamizi alipoona panya wanaokotwa wamekufa kila asubuhi, hakusema kitu. Wala hakumpa hata dagaa.

Paka wengine walikuja mmoja mmoja. Makuli wa ghala walikuwa wakiwatia watoto wa paka kwenye gunia wapeleke mtoni; gunia moja nililichukua mikononi mwao. Mwingine alikatwa mguu na mtego. Sikuwatafuta. Lakini ukishakuwa mtu ambaye hamfukuzi paka, paka wa mji wote hujua.

Halafu ukaja mwaka wa Hali ya Hatari. Jirani yangu alikuwa Wacera, mwanamke aliyetoka upande wa Nyeri na mumewe, wakakaa miaka mingi wakiuza viazi. Yeye peke yake katika ule mji ndiye aliyekuwa akiingia kwangu bila kubisha. Tulikuwa tukipeana moto. Asubuhi ambayo jiko lake limezimika anakuja kuchukua kaa kwangu, na langu likizimika nakwenda kwake. Siku ile askari walikuja na lori, wakawaambia watu wote waliotoka upande wa Nyeri wapande warudishwe kwao, kila mtu na mzigo mmoja. Wacera alikuwa na sufuria mkono mmoja na paka wake mweusi mkono wa pili. Askari akamwambia paka hapandi.

"Rispah!" akaita. "Shika hii paka, dada. Nikirudi nitaichukua."

"Utarudi lini?"

"Wewe shika tu!"

Nikampokea. Lori likaondoka, na mpaka leo hajarudi.

Katika mistari ya nyumba walimokuwa wakikaa watu waliochukuliwa walibaki paka wengine. Walikaa vizingitini, mbele ya milango iliyofungwa kwa kufuli, wakitazama njia. Mvua ikanyesha, wakakaa. Nilipita pale nikienda kazini, nikapita tena nikirudi, mwisho sikuweza. Niliwaleta kwangu. Watu wakaanza kuniita Mama Paka, na wale wenye ulimi mbaya wakaniita mchawi. Hakuna aliyekuja kuchukua kaa tena.

Upele ulianza kwenye masikio ya yule mweusi wa Wacera. Yalifanya magamba ya kijivu, kisha magamba yakashuka usoni, na macho yakafunga. Alijikuna mpaka damu. Haukupita muda, wengine nao wakawa wakijikuna, hata wa kijivu, ambaye sasa alikuwa mzee. Nilimtia mweusi kikapuni nikampeleka kwa daktari wa mifugo, Mzungu aliyekuwa akitibu ng'ombe wa mashamba na mbwa wa mabibi.

Msaidizi wake, kijana mmoja mrefu aitwaye Rotich, alifunua kikapu akacheka. "Mama, nilidhani umeleta kuku."

"Cheka ukimaliza umwite daktari."

Daktari alitazama, akasema maneno yake, na Rotich akanieleza. Ni upele, na unaambukiza. Kumtibu mmoja ni kazi bure. Ni lazima wote waoshwe pamoja kwa dawa ya kibiriti upele, kisha warudiwe, na wale waliofunga macho wachomwe sindano. Aliponiambia bei, nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia.

"Hiyo pesa unaweza nunua mbuzi nzuri," akasema.

"Mbuzi ananijua?"

Akaacha kucheka. "Sikia, mama. Usiwapeleke kwa josho ya ng'ombe, watu watakwambia hivyo. Ng'ombe hajilambi kama paka. Atalamba ile sumu afe. Na usichelewe. Askari wa mji wameanza kupiga risasi mbwa wenye upele. Wakimaliza mbwa, ni paka."

Ndipo nilipoanza kuomba mchango, mimi ambaye sikuwahi kumwomba mtu chumvi. Nilianza na kanisa. Siku ya mkutano wa akina mama nilisimama nikaeleza. Mama mmoja mwenye kitambaa cheupe, ambaye ndiye aliyekuwa akishika sadaka, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada Rispah, sisi tunatafuta mabati ya kanisa," akasema. "Leo ni paka. Kesho si utatuomba ya panya?"

Wakacheka, na mmoja akaongeza, "Bila panya, paka watakula nini, jameni?" Wakacheka tena, hata mimi ningecheka kama ningekuwa upande ule. Nilikwenda kwa msimamizi wa ghala, ambaye paka wangu alimlindia magunia miaka yote hiyo. Akaniambia paka ni wengi, akifa huyu anakuja mwingine. Wanawake tuliochambua nao walinipa mahindi, kila mmoja konzi moja, kwenye kanga yangu. Hao nawashukuru. Lakini mahindi yale yasingemtibu hata mmoja.

Wakati huo dereva wa lori la tumbaku akaniletea habari kwamba mama mkwe wangu Nasimiyu amefariki. Nilipanda lori lilelile, nikaketi juu ya magunia, na njia yote nilikuwa nafikiri jambo moja. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa boma hunyolewa, na wazee hukaa. Siku hiyo kila mwenye neno na boma lile hulisema, hata kama ni mtu mdogo, hata kama ni adui, na wazee ni lazima walijibu kabla ya kuinuka. Ukinyamaza siku ile, neno lako limekufa. Siku ya Absalom nilinyamaza baada ya kicheko. Safari hii nilikuwa na neno.

Nilinyolewa pamoja na wakaza wana wengine. Wepukhulu alikuwa ameongezeka mwili. Tumbaku ilimkalia vizuri. Mzee Mukhisa alikuwa amezeeka, lakini fimbo ilikuwa ileile. Aliuliza nani ana neno. Nikasimama.

"Eh, Mama Paka amesimama," akasema Wepukhulu. Kumbe hata huko jina lilifika. "Umetuletea panya?"

"Nimeleta neno, shemeji. Wazee, siku ya mgao wa Absalom mlinipa fungu gani?"

Nikaionyesha ile fimbo kwa kidole.

"Mlinipa paka. Mzee Mukhisa alisema kwa mdomo wake, akagonga fimbo. Sasa nauliza. Ng'ombe wa mgao akiugua, nani humtafutia dawa?"

"Ndugu husaidiana," akasema mzee mmoja.

"Basi fungu langu linaumwa, yeye na aliokaa nao. Daktari anataka pesa. Nisaidieni kama mlivyomsaidia Wepukhulu ng'ombe wake walipoharisha."

Kicheko kikaanza. Wepukhulu akapiga paja. "Wazee, huyu mwanamke hajui mzaha? Ile ilikuwa mzaha, bana!"

Hapo ndipo nilipokuwa nikimngoja.

"Ilikuwa mzaha?" nikasema. "Basi mimi sikupewa kitu. Na kama mjane wa Absalom hakupewa kitu, mgao haukwisha. Fungueni tena. Tuanze na lile banda, na shamba lililo nyuma yake, ambalo nililima kwa mikono hii."

Kicheko kilikatika. Mtu aliyekuwa amevaa koti la Absalom, sasa limechakaa viwiko, akaangalia chini. Mzee Mukhisa alinitazama, na naamini kwamba ile siku ya kwanza ilimrudia yote. Kisha akainuka, na wazee wakamfuata nyuma ya ghala la wimbi. Wepukhulu naye aliitwa. Tulisikia sauti yake ikipanda, halafu ikashuka.

Waliporudi, Wepukhulu alikuwa akivuta mbuzi jike mnene kwa kamba. Nyuma yake walileta kuku waliofungwa miguu, na mtu akaweka chini msokoto mkubwa wa tumbaku.

"Rispah," akasema Mzee Mukhisa, "neno lako ni la kweli, na tumelijibu. Lakini usikie vizuri. Ukishika kamba hii, umekubali mbele ya watu kwamba paka ndiye fungu lako la haki, na usirudi tena kudai shamba. Ukiiacha, mavuno yakiisha tutakaa, tufungue mgao wa Absalom. Sikwambii utashinda. Nakwambia tutakaa."

Sikuwa nimefikiri hayo. Juu ya magunia ya lori nilifikiri tu jinsi mtego utakavyomshika Wepukhulu. Sikuona kwamba na mimi niko ndani yake.

Kutoka pale nilipokuwa nimesimama niliona shamba. Tumbaku ilikuwa imefika magotini, majani mapana, mistari ile niliyoipima mimi kwa kamba mwaka wa kwanza wa ndoa. Banda walikuwa wamelitia mlango mpya. Mtu akiniambia kwamba ardhi ni udongo tu, namwambia hajawahi kunyang'anywa. Nilitaka kukaa. Nilitaka waniite mbele, mmoja mmoja, waseme nilichofanya pale.

Lakini mavuno yalikuwa mbali. Nilimwacha yule mweusi ameegemeza uso ukutani kwa sababu mwanga ulimuuma, na askari walikuwa wamekwisha kumaliza mbwa wa mtaa wa pili. Wacera aliniambia shika tu.

Nikaishika kamba.

Wepukhulu alishusha pumzi. Alikuwa mwepesi ghafla. Akanifungia kuku vizuri, akanibebea tumbaku mpaka njiani, akaniita mulamwa, yaani shemeji, kwa mara ya kwanza tangu nimkatae. "Safari njema, mulamwa. Uwasalimie paka." Kwa ule wepesi wake nilijua ukubwa wa kitu nilichokiacha. Katika maisha yangu sijapewa mbuzi kwa haraka namna ile.

Niliuza vyote sokoni. Rotich alikuja na pipa la dawa, akiwa amefunga magunia mikononi mpaka kwenye viwiko, na bado alitoka damu. "Ng'ombe ni afadhali mara mia," akasema. Chumba kilinuka kibiriti upele hata ndani ya uji. Tuliwarudia kama daktari alivyosema. Mmoja alikufa, yule wa mguu uliokatwa na mtego. Wengine magamba yalianguka, na chini yake manyoya mapya yakaota, laini kama ya mtoto. Askari walipopita walikuta paka wasafi wamelala juani, wakaenda zao.

Wa kijivu yupo, hasikii vizuri, na analala miguuni pangu. Mweusi wa Wacera macho yalifunguka yote mawili. Siku ya kwanza alipoona vizuri alitoka, akanyoosha mgongo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa Wacera, akaketi kizingitini. Chumba kile sasa kinakaa watu wengine, wala hawamjui. Huenda kila asubuhi. Jioni nikirudi kutoka ghalani namwita, anakuja, anakula, ananiacha nimshike kichwa kidogo, halafu anarudi kule kungoja. Nami nawasha jiko langu mwenyewe, na nalifunika majivu vizuri kaa lisizimike.