Mtemi wa Magongo

Watu wa Maganzo walimjua Ngassa Bujiku kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Siku za mnada, yeye ndiye aliyenadi ng'ombe, na akisema "Dume hili, tazameni nundu!" hata waliokuwa barabarani waligeuka. Miguu yake ilipooza kwa polio akiwa mdogo, akawa anatembea kwa magongo mawili. Alikuwa mcheshi, na mkewe Zipora alikuwa akisema aliolewa kwa sababu alishindwa kuacha kucheka.

Mkuu wa sungusungu wa kijiji chao alipohamia Geita, mkutano uliitwa kumchagua mwingine. Mkuu wa walinzi hao bado huitwa mtemi, kama machifu wa zamani. Mtu mmoja akataja jina la Ngassa, na wengi wakapiga makofi.

Mzee Pantaleo, mfugaji aliyeheshimiwa sana, akasimama.

"Mimi sina ugomvi na huyu kijana," alisema. "Lakini babu zetu walimtawaza mtu mwenye mwili kamili. Mwenye kilema akipewa utemi, mvua inagoma."

"Babu, shikamoo," Ngassa alisema.

"Marahaba."

"Mwaka jana mvua iligoma, na mtemi wetu alikuwa na miguu yote miwili."

Mkutano ukaangua kicheko. Pantaleo hakucheka. "Na wezi je? Utawakimbiza na hayo magongo?"

"Kukimbia ni kazi ya vijana. Mtemi anawaambia wakimbilie wapi, na waishie wapi."

Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi, Ngassa akapita. Pantaleo aliondoka bila kumpa mkono, na jambo hilo lilimuuma Ngassa kuliko alivyoonyesha.

Kiangazi hicho, asubuhi moja, yowe lilipigwa. Maksai wanne wa Mzee Pantaleo, wale wa kulimia, hawakuwepo zizini. Vijana walikusanyika na fimbo, na kabla mtemi hajafika, mtu akasema amemwona Luka jana yake akinunua kamba. Luka alikuwa mgeni kutoka Nkome, muuza dagaa, hana ndugu pale. Hiyo ikatosha. Kundi zima likaelekea kwake, Pantaleo akiwa mbele.

Ngassa alifika amepakiwa kwenye pikipiki ya Donatus, dereva wa bodaboda. Luka alikuwa amejifungia ndani, na nje kijana mmoja alikwishatoa kiberiti ili aichome nyumba. Ngassa akapenya katikati ya watu, akaketi kizingitini, akauegemeza mgongo wake mlangoni. Kisha akayatupa magongo yake mbali, miguuni pa Edson, kamanda wa vijana.

"Haya, chomeni," alisema kwa sauti ile ya mnadani. "Mnanijua. Mimi sikimbii."

Hakuna aliyecheka. Jasho lilimtiririka, lakini hakuinua hata kiganja kujifuta.

"Edson, kuna aliyefuata nyayo za maksai?"

Edson akatazama chini. "Bado, mtemi."

"Wafuate sasa. Donatus, mpeleke. Sisi wengine tutakaa hapahapa. Luka! Una chai humo ndani?"

Sauti ikatoka ndani kwa woga: "Ipo, ila haina sukari."

Hapo watu wakacheka, na fimbo zikaanza kushuka. Ngassa akasogea kidogo, Luka akafungua mlango na kumpa kikombe.

Chai haijaisha, simu ya Ngassa ikalia, naye akaiweka kwenye spika. Edson alikuwa Songwa, bwawani. Maksai wote wanne walikuwa humo, matope hadi tumboni, wakinywa maji kwa raha zao. Nyayo zilikuwa zimeanzia kwenye lango la zizi, ambalo halikufungwa vizuri.

Pantaleo alisikia kila neno. Akaenda kuyaokota yale magongo, akayafuta vumbi kwa shuka lake. Kwanza alimwomba Luka radhi pale mlangoni, mbele ya wote. Kisha akamgeukia Ngassa.

"Mtemi, shikamoo."

Ngassa nusura amwage chai. "Babu! Wewe unaniamkia mimi?"

"Nauamkia utemi. Wewe bado mtoto."

"Basi marahaba kwa niaba ya utemi," Ngassa alijibu, akainamisha kichwa. "Na mimi mwenyewe nasema shikamoo."

Watu walicheka mpaka Luka, aliyekuwa amerudi ndani, akatoka nje kuona kulikoni, akiwa na kikombe kingine mkononi. Pantaleo akakipokea, akaonja, akakunja uso, na kumtuma mjukuu wake akalete sukari nyumbani.

Ngassa bado ni mtemi hadi leo. Zipora hulalamika kwamba siku hizi hata ugomvi wa kuku unaletwa barazani kwao, na kwamba watu hukaa mno kwa sababu wanapenda kumsikia akiamua.