Breki za Nyuma

Nilirudi nyumbani Kasingirima, mjini Kigoma, mwaka ule ndoa yangu ya Tabora ilipovunjika na baba akapigwa kiharusi. Mambo hayo mawili hayakupishana hata miezi mitatu. Mama alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu wawili: mimi, mwanamke wa miaka thelathini na minane niliyerudi na begi moja, na baba, ambaye upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamemwishia kinywani. Asubuhi nilimwogesha, nikamweka barazani kwenye kiti cha plastiki, nikamlisha ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani, niliokwisha kuuchambua miiba. Alitafuna huku akitazama uani.

Uani kulikuwa na lori lake. Lilikaa juu ya mawe kwa miaka kumi na moja, bila tairi, upepo wa ziwa umelila mpaka milango ikatoboka. Kuku walitagia chini ya kiti cha dereva. Zamani lilibeba kahawa kutoka Kalinzi, na kaka yangu, aliyenipita miaka miwili, ndiye aliyekuwa utingo wake. Siku moja wakiteremka na mzigo, breki zilikatika. Kaka akaruka chini na kigingi kukitia kwenye tairi, kama utingo wanavyofanya. Akateleza kwenye tope, tairi ya nyuma ikampanda. Baba aliliegesha lori pembeni kwa kulibamiza kwenye ukingo wa barabara, lakini alikuwa amechelewa. Ndivyo alivyotusimulia. "Breki zilikatika ghafla," alisema mbele ya waombolezaji. "Kadari ya Mungu." Lori likaburutwa hadi nyumbani, naye akageukia shamba la michikichi. Hakushika usukani tena.

Wanunuzi wa chuma chakavu walipokuja na mitungi yao ya gesi kulikata vipande, mimi ndiye niliyewaita. Baba alipoona moto wa kwanza alilia. Hakulia machozi tu. Alitoa sauti kama ya mnyama, akapiga sakafu kwa fimbo yake kwa mkono wa kushoto mpaka nikawaambia watu wale waondoke. Nilidhani nimemwelewa. Nilidhani analipenda lile lori, na kwamba likiwaka mara moja tu, akasikia ngurumo yake, kitu fulani ndani yake kitaamka.

Sikujua lolote kuhusu magari. Nilikwenda Ujiji kumwona fundi mmoja mzee aliyefanya kazi na baba zamani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nikamweleza nilichotaka. Aliuma mswaki wake kwa muda mrefu, hakucheka.

"Nitakuja baada ya swala ya alasiri, siku ninazoweza," alisema. "Lakini kazi utafanya wewe. Mgongo wangu umekwisha."

Hivyo nikajifunza. Nilijifunza kwamba nati iliyooza hailazimishwi. Inanyweshwa dizeli, inaachwa ilale, kesho inagongwa taratibu pande zote. Ya kwanza niliilazimisha ikakatika, na mkono ukachanika hadi mfupani. Tulimimina mafuta juu ya pistoni zilizogandamana tukangoja wiki mbili. Nilisugua kwa msasa hadi jasho langu likawa jekundu kwa kutu. Majirani walipita wakisema mume ameniacha na sasa akili nayo inaniacha. Na kila siku baba alikaa barazani akanitazama. Nilipomwonyesha kifaa nilichokisafisha kikang'aa, aligeuza uso. Nikasema ni ugonjwa.

Injini ilizunguka kwa mkono mwishoni mwa kiangazi. Fundi akasema kabla hatujaiwasha tufungue breki, maana gari linalowaka bila kusimama ni jeneza. Nikaanza na za nyuma. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ilichukua siku nzima kutoka. Upande wa kushoto sikuona ajabu yoyote zaidi ya kutu. Upande wa kulia, nilipofuata bomba jembamba linalopeleka mafuta kwenye gurudumu, nilikuta limekunjwa kama ncha ya karatasi, likapondwa kwa nyundo, kisha likafungwa waya.

"Fundi, ajali ndiyo imelikunja hivi?"

Akachuchumaa kwa shida. Alilishika, akaliachia.

"Hapana. Hii ni kazi ya mkono wa mtu. Gurudumu likivuja mafuta ya breki na kipuri hakuna, unafunga bomba lake ili mafuta yasiishe. Gari linasimama kwa magurudumu yaliyobaki."

"Na ukiwa na mzigo? Kwenye mteremko wa Kalinzi?"

"Mwanangu, madereva wengi tulifanya hivyo. Unafunga, unamwomba Mungu."

"Nani alilifunga?"

Akatazama barazani. Baba alikuwa anatutazama. Fundi akanawa mikono, akaniambia ameitwa mahali, akaondoka bila kunywa chai yake.

Wiki nzima sikugusa spana. Nilimlisha baba bila kusema naye. Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba mkono wangu haukubadilika: bado ulimchambulia miiba. Siku ya nane nililikata lile bomba kwa msumeno, nikaenda kuliweka mapajani mwake.

"Data," nilimwita, yaani baba kwa Kiha, kama nilivyomwita nikiwa mdogo. "Ulijua?"

Alilichukua kwa mkono wa kushoto. Akajaribu kulikunjua. Alibonyeza kwa kidole gumba, akashindwa, akalipeleka mdomoni kulishika kwa meno, mpaka nikamnyang'anya.

"Ni-li-jua," alisema.

Lilikuwa neno lililo wazi kuliko yote niliyoyasikia kwake tangu nirudi. Kisha akasema, "Mama yako..." Alisukuma, mshipa ukamtoka shingoni, jambo lenyewe likakataa kutoka. Nilingoja hadi jua likazama upande wa Kongo. Sijui alitaka kusema mama yako alijua, au mama yako hakujua, au kitu kingine kabisa. Sikuwahi kujua.

Nilimaliza breki. Niliweka mabomba mapya manne, nikatoa hewa kwenye mafuta ya breki ya kila gurudumu, fundi akikanyaga pedali nami nikiwa chini kwenye vumbi. Kisha tukalivalisha tairi kuukuu nilizonunua. Lori lilipowaka, moshi mweusi ulifunika ua na watoto wa jirani wakashangilia. Nilikwenda barazani. Baba alikuwa ameegemeza uso ukutani, macho ameyafumba, na hakuyafumbua mpaka nilipolizima.

Alifariki mvua za masika zilipoanza. Baadhi ya watu walitaka tumpeleke makaburini kwa lori lake, wakisema itakuwa heshima. Nilikataa. Wanaume walimbeba mabegani.

Baada ya arobaini shangazi, dada yake baba, aliniuliza kwa nini sikulia. Nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amekunja khanga yake magotini.

"Umemfukua ndugu yangu kwa spana," alisema. "Ulitaka upate nini?"

Alichukua kikapu chake akaondoka, na ingawa anakaa mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwangu, hajaja tena.

Mwezi uliofuata nililiuza lori kwa mfyatua matofali wa Kidahwe. Nililipeleka mwenyewe, kama fundi alivyonifundisha kuendesha, gia ya pili karibu njia nzima. Alilizunguka mara mbili, akagonga bodi kwa vidole, akanisifu kwa kazi. Nikamkabidhi funguo, nikapanda bodaboda kurudi mjini, na mvua ikatunyeshea njiani mpaka Kigoma.