Nilifungwa kwa korosho za miti aliyopanda baba yangu

Wakuu habari zenu, na vijana marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Mwaka 2017, nikiwa na miaka 59, ndipo taabu yangu ilipoanza. Nimeishia darasa la nne, mtanivumilia. Ila uongo sina.

Huku Makote mtu akikuruhusu upande mikorosho kwake, ardhi inabaki yake, miti ni yako. Baba yangu alipanda kumi na moja kwa jirani. Nimeokota pale miaka yote, hakuna aliyeuliza.

Baba na huyo jirani wote wawili wakafa. Hamisi, mtoto wa jirani, akarudi kutoka mjini, akanikuta naokota. Akaenda polisi. Wizi.

Mahakama ya mwanzo (sitaitaja), hakimu mgeni akauliza, "Mzee, ulichukua korosho?"

"Nilichukua, tena mchana kweupe!"

Kiburi changu hicho. Sikumalizia kwamba ni zangu. Nilidhani kila mtu anajua.

Pale hakimu hukaa na wazee wa baraza wawili, nao wana sauti kwenye hukumu. Mmoja, Mama Ester, akainua mkono. "Mheshimiwa, kwetu mti ni wa aliyeupanda."

"Mama, mwenyewe amekiri. Saini hapa."

Wakasaini. Miezi sita.

Gerezani mfungwa mmoja msomi akaniandikia rufaa. Ikaja kusikilizwa Newala nikiwa nimeshakaa miezi mitano.

Hakimu wa wilaya akafunua jalada. "Wazee wa baraza waliulizwa maoni?"

"Walipewa kalamu tu, mheshimiwa," nikajibu.

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimechoka.

Akasema wazee walitakiwa kusikilizwa, na anayechukua kitu akiamini kwa dhati ni chake, huyo si mwizi. Hatia ikafutwa.

Nikaenda moja kwa moja shambani. Visiki kumi na moja. Hamisi kakata yote, kachoma mkaa.

"Babu, si ulifungwa? Nilijua yameisha," Hamisi akaniambia.

Nguvu ya kuanza upya polisi sikuwa nayo.

Nilichojifunza: mahakamani toa jibu zima, usijibu nusu kwa kujidai. Ukionewa, rufaa siku zile zile, usingoje.

Wanasheria wa humu, kwa ile miti bado nina haki? Semeni, nitasoma yote, taratibu, macho mabovu.

Leo nina nyumba ya bati, kisima cha maji ya mvua, mbuzi sita, na miche ishirini ya mikorosho kwenye ardhi yangu mwenyewe, haijazaa bado. Nina karatasi ya rufaa.

Jina la kuitwa mwizi sina tena.